Jumapili ya Ibada na Mlo Katikati ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgeni akifika Dar na Jumapili ikamkuta hana shughuli, ushauri anaopewa ni ule ule: nenda ufukweni, nenda ukazunguke madukani. Majibu yaliyo hapa chini ni ya mtu anayetaka kusali, au kuona wengine wanavyosali, kisha ale vizuri na kutembea bila kukimbizwa na saa. Kanuni yangu ni moja na utaikuta karibu kila jibu: watazame waumini wakitoka ibadani wanaelekea wapi kula, uwafuate.

Jumapili mjini kati kumekufa kabisa. Kwa nini unatupeleka huko?

Kwa sababu hiyo hiyo. Siku za kazi Samora na Azikiwe hazipitiki: wamachinga, bodaboda, watu wa maofisini, magari yanayosaka pa kuegesha. Jumapili mageti ya maduka yameshushwa na unaweza kusimama ukainua macho kwenye ghorofa za juu za majengo ya zamani, ukaona roshani za mbao na mwaka ulioandikwa ukutani, pasipo mtu kukupigia honi.

Halafu kuna historia. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza walipoushika wakaugawa kwa kanuni za ujenzi: Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati kwenye biashara, Waafrika Kariakoo, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Mgawanyo huo ulikuwa wa kibaguzi na wazee waliouishi bado wanausimulia kwa uchungu. Lakini ndio uliofanya nyumba za ibada za watu wa asili mbalimbali zirundikane kwenye eneo dogo kiasi hiki. Kutoka Kivukoni hadi Kariakoo ni kama nusu saa kwa miguu ukienda moja kwa moja. Hutaenda moja kwa moja, maana njiani kuna chai.

Nianzie wapi, na saa ngapi?

Anzia baharini, mapema. Makanisa mengi ya mjini huwa na ibada ya kwanza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mgeni: haina msongamano, jua halijachomoza sawasawa, na ukitoka una siku nzima mbele yako. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia Jumamosi.

Ukiwa Mkatoliki, au unataka tu kusikia kwaya iliyokomaa, nenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Barabara ya Sokoine. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1897 na likakamilika 1902. Ni la mtindo wa Kigothi, na asubuhi mwanga unapopita kwenye vioo vya rangi nyuma ya altare utaelewa kwa nini watu hufika mapema kuwahi viti vya mbele. Hapa ndipo lilipo kanisa kuu la Jimbo Kuu la Dar es Salaam, aliloliongoza Kardinali Laurean Rugambwa kuanzia 1968 hadi 1992. Misa zipo za Kiswahili na za Kiingereza. Kwa maoni yangu nenda ya Kiswahili hata kama Kiingereza ndicho unachokimudu zaidi, kwa sababu ya uimbaji.

Dakika chache kwa miguu, barabara hiyo hiyo, karibu na Posta ya Zamani, ndipo palipo na kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na mapaa ya vigae vyekundu yanayoonekana tangu ng'ambo ya bandari. Nalo ni la Wajerumani, la mwisho wa karne ya 19, na ndilo kanisa kuu la KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Waanglikana wanaye Mtakatifu Albano, juu kidogo, ukipita Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 kuelekea Posta Mpya.

Usijaribu kuhudhuria ibada tatu kwa asubuhi moja. Chagua moja, ukae mpaka baraka, nyingine uzitazame kwa nje.

Mimi si muumini wa dhehebu hilo. Nitafukuzwa?

Hapana. Kaa viti vya nyuma, simama watu wanaposimama, na kwenye komunyo au chakula cha Bwana baki kitini kama si wa dhehebu hilo. Kwenye makanisa mengi wageni huombwa wasimame wajitambulishe na wapigiwe makofi. Wenye haya wanaogopa sana dakika hiyo. Taja jina, ulikotoka, sema "nawasalimu katika jina la Bwana", keti. Kwa Wakatoliki, ukisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo", jibu ni "Milele na milele, amina". Kwa Walutheri na walokole, "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amina".

Sadaka: weka noti ndogo mfukoni kabla ya kuingia. Siku hizi makanisa mengi yamebandika lipa namba ukutani, ila kuanza kubonyeza simu kapu likiwa limeshakufikia kunachekesha.

Ni kweli Walutheri huuza kuku baada ya ibada?

Kuku, mayai, mikungu ya ndizi, papai, wakati mwingine keki. Si kila usharika na si kila Jumapili, lakini ukibahatika usiondoke. Kuna waumini wanaotoa sadaka ya vitu badala ya fedha, na vitu hivyo hunadiwa nje baada ya baraka. Dalali huwa ni mzee wa kanisa mwenye ulimi mwepesi. Atamsifu jogoo mpaka ujiulize kama ni jogoo yule yule unayemwona, atawachokoza wenye magari makubwa, atawapambanisha kina mama wa kwaya na vijana.

Cha kujua ni hiki: bei haifuati soko, kwa sababu hapo mtu anatoa, hanunui. Trei la mayai linaweza kununuliwa kwa bei ya kuku, mnunuzi akalirudisha mnadani, likauzwa tena, na wa mwisho akampa mjane au mchungaji. Mgeni naye anaweza kujikuta amekabidhiwa papai na mtu asiyemfahamu. Pokea kwa mikono miwili. Ukitaka kupandisha bei, pandisha kwa kiasi unachoweza kukilipa pale pale, hakuna anayekulazimisha. Mimi nadhani hakuna mahali pengine mjini pa kuwaona watu wa Dar wakicheka pamoja hivyo kabla ya saa 4 asubuhi.

Chai ninywe wapi?

Kisutu, tafadhali. Ukitokea Posta ni umbali mfupi, na mabasi ya mwendokasi yana kituo kinachoitwa Kisutu kwenye Barabara ya Morogoro.

Hapa ndipo Uhindini hasa, na asubuhi ya Jumapili ina chakula chake. Wagujarati wana desturi ya kula gathia na jalebi Jumapili asubuhi: vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa, vyenye chumvi, pamoja na jalebi za moto zinazochuruzika shira. Chumvi na sukari kwa mkupuo mmoja, na pilipili mbichi pembeni. Asiyezoea hukunja uso mwanzoni, kisha huagiza tena. Utakutana na familia nzima, bibi akiwa na sari, mjukuu akiwa na jezi ya Simba au Yanga, wametoka hekaluni kabla hujamaliza misa yako.

Kwa wanaopenda vya chumvi, K.T. Shop ni jina ambalo dereva yeyote wa bajaji wa mjini analifahamu: chai ya maziwa, kachori, katlesi, sambusa, kababu, bagia, na chatine ya nazi. Sahani huletwa ikiwa na vitu mchanganyiko, unakula unachotaka, unalipia ulichokula. Mzoefu hahesabu mbele ya mwenzake. Noti ya elfu kumi kwa kawaida huwatosha watu wawili kwa chai na vitafunwa kwenye vibanda vya mtaa huo, ukijizuia.

Na usidhani waliomo ni Wahindi watupu. Meza moja ina wanakwaya na sare zao, nyingine ina Mabohora (Waislamu wa Kishia wenye asili ya India), nyingine madereva wa teksi. Soko la Kisutu, ambalo sasa ni jengo la ghorofa, liko jirani kwa wanaotaka mboga na viungo vya kupeleka nyumbani.

Naweza kuingia kwenye mahekalu ya Wahindu?

Kwa kawaida ndiyo, ukiomba kwa adabu mlangoni. Mahekalu kadhaa yamejipanga Kisutu kwa ukaribu ambao huwezi kuukuta mahali pengine nchini. Vua viatu, zima mlio wa simu, usiingie na nyama wala mayai kwenye mfuko (ndiyo, hata ile kababu uliyofungiwa). Kwenye mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti. Mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo ukichelewa asubuhi subiri arti ya jioni, wakati wa taa, kengele na nyimbo. Ukipewa prasad, yaani chakula kilichotolewa mbele ya mungu, pokea kwa mkono wa kulia. Asiyetaka kukila kwa sababu ya imani yake akatae kwa upole, kwa mkono kifuani, watamwelewa.

Makalasinga nao wana gurdwara lao mjini, yaani nyumba yao ya ibada. Kama ilivyo kwenye kila gurdwara duniani, kuna langar, mlo wa bure wa mboga unaoliwa na wote wakiwa wameketi pamoja. Funika kichwa, keti chini, usiache chakula kwenye sahani.

Na misikiti? Jumapili kuna nini?

Swala tano hazijui Jumapili wala Jumatatu, kwa hiyo adhuhuri itakukuta mjini mnamo saa 6 na nusu. Kuanzia Mtaa wa Mosque hadi Kariakoo kuna misikiti ya Sunni, ya Shia Ithnasheri, ya Mabohora na ya Ibadhi, na mwenye macho huitofautisha kwa minara na kwa kofia za wanaoingia. Asiye Mwislamu asiingie tu. Amuulize mtu aliye mlangoni, na aepuke muda wa swala. Kariakoo msikiti wenye jina kubwa la zamani ni wa Mtoro. Mkubwa wa kisasa uko Kinondoni, kwenye makao makuu ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), umejengwa kwa msaada wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco.

Jumapili ni siku ya ndoa pia. Ukiona kanzu nyeupe zimejaa nje ya msikiti na watu wanasubiri gari, kuna nikahi, na pilau haiko mbali. Usijialike. Ila Waswahili wakikualika wamekualika kweli.

Jamatkhana ya Waismailia je?

Itazame kwa nje. Ibada ni ya wanajamati wenyewe.

Sisi ni Wasabato.

Basi ibada yenu iliisha jana na Jumapili yote ni yenu. Rukeni mpaka kwenye chai, na kwa wale wasiokula nyama Kisutu ni peponi.

Mimi Mkristo, mama mkwe wangu Mwislamu, na amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tule wapi pamoja bila mtu kujisikia vibaya?

Swali zuri kuliko yote hapa, na jibu lake ni rahisi kuliko unavyodhani. Migahawa ya Uhindini na Kariakoo kwa sehemu kubwa inaendeshwa na Waislamu, na ile ya Wahindu haina nyama kabisa. Mpeleke huko hutakuwa na la kueleza. Mwache yeye achague pilau, maana mtu wa Tanga ana maoni yake kuhusu pilau na atayatoa.

Kuhusu kitimoto: wanaume wengi wa Kikristo wana ratiba yao baada ya ibada, nyama ya nguruwe na ndizi za kukaanga, Sinza na kwingineko. Hakuna kificho hapo, kila mtu anajua. Lakini siku ya mkwe ratiba hiyo iahirishwe. Usiseme utapita mara moja halafu uwafuate. Harufu ya kitimoto huingia mpaka kwenye kola.

Chakula cha mchana?

Kuna shule mbili. Ya kwanza inasema mlo mkubwa wa Jumapili unaliwa nyumbani, na inasema kweli: ukipita Ilala, Magomeni au Temeke saa 7 mchana utasikia vitunguu vinakaangwa kila nyumba. Kama una ndugu au rafiki aliyekukaribisha, achana na mgahawa. Beba soda au matunda, usifike mikono mitupu, na usifike saa 6 kamili kwa sababu wali bado uko jikoni.

Ya pili ni ya wasio na mwenyeji. Soko la samaki la Feri lina wakaangaji wake: unachagua samaki, pweza au ngisi, unapatana bei kabla ya kukabidhi, wanakukaangia, unakula kwa ugali na kachumbari. Kelele ni nyingi na sakafu ina maji, kwa hiyo viatu vya kanisani si mahali pake. Upande wa Kariakoo mama ntilie wana wali wa nazi, maharage, mchicha na samaki wa mchuzi. Jumapili si wote wanaofungua. Chungulia sufuria, uliza kipi kimetoka jikoni sasa hivi, kula hicho.

Mchana jua likiwa kali tufanye nini, hasa na watoto?

Wakubwa walale. Watoto wapandishwe kivuko cha Kigamboni, ambacho kwao ni safari ya meli kwa shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu. Ng'ambo kuna bajaji za kuwafikisha fukweni. Rudini kabla ya saa 10 na nusu, kwa sababu jioni ya Jumapili foleni ya kurudi mjini hujaa mpaka nje, na mtoto mwenye mchanga kwenye nguo hasubiri. Mwenye gari anaweza kuzungukia Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na Bustani ya Mimea jirani yake vina kivuli cha kutosha kwa wasiotaka bahari.

Jioni watu wanaenda wapi?

Baharini, dini zote. Barabara ya Barack Obama, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Ocean Road, hujaa magari ya familia za Upanga yaliyoegeshwa yakiitazama bahari: wazee wanapunga upepo, watoto wanakula mahindi ya kuchoma na madafu. Wanaotoka ibada ya jioni hupita hapo hapo. Muuza kahawa ana birika lake juu ya makaa, kashata mkononi, na mazungumzo ya mpira.

Vijana wako Coco Beach, Oysterbay. Pale sheria ni mihogo: ya kukaanga, imepasuliwa, ikatiwa chumvi, pilipili na ndimu, mishkaki pembeni. Wengine watakuambia mihogo ya siku hizi si kama ya zamani. Ni ile ile. Walikuwa na njaa zaidi. Muda wa kuogelea utegemee maji kujaa au kupwa, maana yakipwa mawe yanajitokeza na yanakata miguu.

Ukirudi mjini una njaa bado, Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, hufungua jioni na kuwasha majiko nje. Agiza kuku sekela na naani. Meza ziko barabarani, moshi utaingia kwenye nguo, na utakaa na watu usiowajua.

Nivae nini?

Kitu kinachofunika mabega na magoti, viatu vya kuvuliwa haraka, na soksi zisizotoboka. Mwanamke abebe mtandio au kanga moja: itatumika hekaluni, msikitini, kwenye gurdwara na ufukweni upepo ukivuma.

Picha?

Majengo kwa nje, sawa. Watu, omba kwanza. Ikulu iko karibu sana na njia hii, Magogoni. Usiipige picha wala walinzi wake, na vivyo hivyo kwa bandari.

Usalama ukoje, mitaa ikiwa mitupu?

Utulivu wa Jumapili una upande wake wa pili. Vibaka nao wanajua watu ni wachache. Simu ikae mfukoni unapotembea, mkoba upande wa ukutani siyo wa barabarani, na kuanzia magharibi panda bajaji badala ya kukatiza Mnazi Mmoja kwa miguu.

Nikija wakati wa Ramadhani?

Badilisha ratiba yote. Mchana migahawa mingi ya Kisutu na Kariakoo hufungwa au hushusha mapazia, na kula barabarani si adabu hata kama hufungi. Kuanzia magharibi mambo hugeuka: uji wa pilipili manga, tambi, magimbi na mihogo ya nazi, kalimati, tende. Kwa mlaji ndiyo Jumapili bora ya mwaka. Ikiangukia Kwaresima utakuta pande zote mbili zimefunga na chai inanyweka taratibu sana.

Mvua ikinyesha?

Masika, kati ya Machi na Mei, tatizo si kulowana, ni Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mwendokasi husimama, na mtu wa Magomeni au Kimara hafiki mjini kwa njia hiyo. Sikiliza redio kabla ya kutoka. Kama imefungwa na bado unataka kuja, zunguka kwa Kawawa utokee Daraja la Salander. La sivyo sali mtaani kwako, na supu ya asubuhi na chapati utaipata kona ya pili.